Uzi: Taji, herufi za mfalme na nambari iliyofutika kwenye bilauri ya bia ya babu, zinatuambia nini?

#1 MjukuuWaKibokoni (Mombasa)

Salaam wanajukwaa. Nimerithi kwa marehemu babu bilauri nene ya kioo, yenye mkono na pande kumi, ambayo nilipokuwa mtoto ilikaa juu ya kabati la bibi na haikuguswa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Wiki iliyopita nilipokuwa nikiiosha niliona karibu na ukingo alama ndogo yenye weupe kama ukungu. Juu pana taji. Chini ya taji pana herufi G, kisha nafasi iliyochakaa, kisha herufi R. Chini kabisa pana nambari ya tarakimu tatu, lakini ni tarakimu ya kwanza tu, yaani 4, inayosomeka bila shaka.

Babu alikuwa mhudumu wa mezani katika klabu moja ya Wazungu hapa mjini hadi mwaka wa uhuru, 1963. Ninaamini kwamba bilauri hii ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mfalme au ya gavana, kwa kuwa sioni sababu nyingine ya kuchora taji kwenye chombo cha bia, na kwamba nambari ile ni ya mpangilio wa vyombo katika seti. Mwenye ujuzi anisahihishe.

#2 MkusanyajiLeicester (Uingereza)

Ahsante kwa kuleta jambo hili, ndugu. Nimekusanya bilauri za baa za Kiingereza kwa miaka kumi na mbili sasa na ninazo zaidi ya sitini, nyingi nikiwa nimezinunua kwa pauni moja au mbili katika maduka ya hisani na masoko ya Jumapili, kwa hiyo niruhusu nikusahihishe kwa moyo mwema. Taji hilo halina uhusiano na nyumba ya mfalme. Ni alama ya uhakiki wa vipimo. Maana yake ni kwamba mkaguzi aliyeapishwa, au mtu aliyepewa mamlaka yake, amethibitisha kwamba bilauri hiyo ikijazwa inachukua painti moja kamili, yaani mililita 568, au nusu yake ikiwa ni bilauri ya nusu painti, na kwamba mwenye baa anaweza kuitumia kumuuzia mnywaji bia ya pipa.

Nambari nayo si ya seti. Sheria ya Mizani na Vipimo ya mwaka 1878 ndiyo iliyoleta utaratibu wa alama moja kwa nchi nzima, na tangu mwaka 1879 kila mamlaka ya ukaguzi, iwe ya kaunti au ya mji, ilipewa nambari yake. Kabla ya hapo kila eneo lilipiga alama yake lenyewe, mara nembo ya mji, mara jina la kaunti, na mkusanyaji wa leo anaweza kukaa juma zima akijaribu kutambua ngome au simba mdogo aliyegongwa kwenye kikombe cha pyuta, yaani aloi laini ya bati. Ukiipata nambari yako yote, tutajua ilihakikiwa wapi.

#3 Mwanagenzi_TZ (Dar es Salaam)

Wakuu, nimejifunza kitu. Mimi nilidhani nambari za namna hiyo ni miaka iliyokatwa tarakimu ya kwanza, kwamba 490 ni 1490. Sasa ninaona kwamba ningemuuzia mtu bilauri ya karne ya 15 ambayo ilitoka kiwandani juzi.

#4 MkusanyajiLeicester

Mwanagenzi, usione haya, kwa maana kosa hilo nimeliona hata kwenye vibandiko vya bei vya wauzaji wa vitu vya kale ambao wangepaswa kujua. Mwaka 1490 haikuwapo painti hii. Galoni ya kifalme, ambayo painti ni sehemu yake ya nane, iliwekwa na sheria ya mwaka 1824. Kabla yake Waingereza walikuwa na galoni ya ale, yaani bia yao ya asili, na galoni ya mvinyo, na hazikulingana. Ile ya mvinyo ndiyo waliyobaki nayo Wamarekani, na ndiyo sababu painti ya Marekani ni mililita 473 tu hadi leo.

#5 MpimajiMstaafu (Morogoro)

Nawasalimu wote. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo hadi nilipostaafu, na ingawa sikuhakiki bilauri ya bia hata moja, misingi ya kazi ni ileile, kwa hiyo ninaomba niongeze mambo mawili.

La kwanza ni la njia ya kuweka alama. Jiwe la mizani la chuma huwa na tundu lililojazwa risasi, na risasi hiyo ndiyo inayorekebishwa uzito na ndiyo inayopigwa muhuri, kwa sababu ni laini na hupokea chapa. Pyuta nayo hupigwa muhuri moja kwa moja. Kioo hakipigwi nyundo. Kwa kioo huwekwa kiolezo chenye matundu ya umbo la alama, kisha hupuliziwa mchanga kwa nguvu ya hewa, au hupakwa tindikali inayokula uso wa kioo. Weupe kama ukungu aliousema Mjukuu unatokana na hapo. Alama ya namna hiyo haifutiki kwa sabuni. Huchakaa kwa kusuguliwa miaka mingi mahali palepale, na hasa pale ambapo mtu hupitisha kitambaa au kidole kila siku.

La pili ni tofauti ya pyuta na kioo. Kikombe cha pyuta kikianguka hubonyea, na kikibonyea kipimo hupungua, ndiyo maana vikombe vya zamani vya pyuta huwa na mihuri mingi iliyopangana: kila mkaguzi aliyepita alikipima upya na kuacha alama yake. Kioo hakibonyei. Ama ni kizima na kipimo chake ni kilekile, ama kimevunjika. Kwa hiyo alama moja hukitosha maisha yake yote.

Mjukuu, pima. Weka bilauri tupu kwenye mizani ya jikoni, ijaze maji hadi ukingoni, kisha utupe tofauti. Usisahau kwamba maji ya Mombasa ni ya joto. Kwenye nyuzi 27 au 28 lita moja ya maji haifikii gramu 1000, ni kama 996, kwa hiyo painti kamili itakupa karibu gramu 566 badala ya 568.

#6 MjukuuWaKibokoni

Nimeyasoma yote kwa makini na ninawashukuru. Nakubali kwamba habari ya nyumba ya mfalme haina msingi. Nimepima mara tatu kwa mizani ya dada yangu anayeoka keki, na mara zote nimepata gramu 575, ikizidi kidogo au ikipungua kidogo.

Kuhusu maneno ya Mzee Mpimaji ya kuchakaa kwa kusuguliwa, nimemuuliza mama, naye amenieleza jambo ambalo sikulijua. Bibi hakuwahi kuiweka bilauri ile kama pambo tangu mwanzo. Nyumba yetu haikunywa kileo, na babu alipoileta bibi aliiosha kwa majivu na ndimu, kisha akaitumia kupimia maziwa aliyowauzia majirani kila asubuhi. Aliiita “painti ya taji”. Mteja akilalamika kwamba ameonjeshwa tu, bibi alimwonyesha taji kwa kidole gumba na mazungumzo yakaisha. Kidole hicho kimepita juu ya alama hiyo kwa miaka isiyopungua ishirini.

#7 KibabaNaPishi (Unguja)

Nimefurahi sana kusoma habari ya bibi. Huku kwetu bidhaa za nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikawa pishi moja, na kila duka lilikuwa na kibaba chake cha bati au cha kifuu, ambacho wateja walikijua na kukigombania. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kilele: je, kibaba kijazwe kikachongoka juu, au kifutwe kwa mkono kikawa sawasawa na mdomo? Wazee walisema kibaba cha kufuta na kibaba cha kilele si kibaba kimoja.

Naona bia ina ugomvi uleule, isipokuwa kilele chake ni povu. Ninauliza: painti inayothibitishwa na taji ni ya bia pekee, au ya bia pamoja na povu?

#8 FundiBomba_Essen (Ujerumani)

KibabaNaPishi ameuliza swali lililo moyoni mwangu, kwa kuwa mimi nakusanya bilauri za Kijerumani na ninaona Waingereza wanakosea katika jambo hili. Ujerumani ilitoa sheria tarehe 20 Julai 1881, ikaanza kutumika mwanzoni mwa 1884, iliyotaka kila chombo cha kuuzia vinywaji baani kiwe na mstari wa ujazo uliochorwa au kukatwa kwenye kioo, pamoja na kiasi chake kwa lita. Mstari unakaa chini ya ukingo, na nafasi iliyo juu yake ni ya povu. Bia inafika mstarini, povu linakaa juu, na mnywaji anaona kwa jicho lake. Bilauri ya Mwingereza isiyo na mstari inamlazimu mwenye baa kuchagua kati ya kumnyima mteja bia na kuimwaga juu ya meza.

#9 MkusanyajiLeicester

Fundi, zipo pia bilauri za Kiingereza zenye mstari, na chama cha wanywaji wa ale ya asili, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimezipigania kwa miaka mingi. Lakini ni kweli kwamba zilizo nyingi ni za ukingo: ujazo kamili unapatikana bilauri ikijaa hadi mdomoni. Sheria ya Mizani na Vipimo ya mwaka 1985 ilikuwa na kifungu cha kutohesabu povu kuwa sehemu ya kipimo, ila kifungu hicho hakikuwahi kuanza kutumika. Kinachofuatwa ni mwongozo wa wenye biashara kwamba bia yenyewe isipungue asilimia 95 ya painti, na mteja asiyeridhika aongezewe akiomba. Kwa hiyo jibu kwa KibabaNaPishi ni kwamba taji linathibitisha ujazo wa chombo. Kilichomiminwa ndani yake taji halikisemei.

#10 MtafitiWaAle (Nairobi)

Mimi nimekwama kwenye gramu 575 za Mjukuu. Tukigawanya kwa uzito wa maji ya joto alioutoa Mzee Mpimaji, tunapata mililita 577. Galoni ya zamani ya ale, ile iliyofutwa mwaka 1824, ilikuwa inchi za ujazo 282, na sehemu yake ya nane ni mililita 578 hivi. Tofauti ni mililita moja! Ndugu zangu, je, haiwezekani kwamba bilauri hii ni ya painti ya ale, na kwamba ile GR, yaani “Georgius Rex”, Mfalme George kwa Kilatini, ni ya George III au George IV? Ikiwa ndivyo, ina zaidi ya miaka 200.

#11 MpimajiMstaafu

Mwanangu Mtafiti, hesabu yako ni safi, ila hitimisho limekimbia mbele ya ushahidi. Mtu akijaza bilauri pana hadi ukingoni, maji hayaishii sawa na mdomo. Yanavimba juu yake kidogo kabla ya kumwagika, na kwenye mdomo mpana mvimbo huo unaweza kuongeza mililita kadhaa. Ndiyo maana sisi tulitumia kipande cha kioo bapa kilichotelezeshwa juu ya mdomo ili kukata ziada hiyo. Mjukuu atelezeshe kioo cha fremu ya picha, kisha apime tena.

Jambo jingine ni uvumilivu wa kipimo, yaani kosa linaloruhusiwa. Kwa chombo cha ukingo kanuni humlinda mnunuzi, si muuzaji: hata katika maelekezo ya Ulaya ya siku hizi, bilauri ya ukingo hairuhusiwi kupungua hata kidogo, ila inaruhusiwa kuzidi. Mtengenezaji mwenye akili huikosea kwa upande wa kuzidi. Mililita 577 ni painti ya kifalme iliyozidi kwa kiasi cha kawaida kabisa.

#12 MkusanyajiLeicester

Namuunga mkono Mzee Mpimaji, nami naongeza hoja ya umbo. Bilauri ya kioo cha kushinikizwa ndani ya kalibu, yenye mkono na pande kumi, ilienea katika baa za Uingereza miaka ya 1920 na 1930. Ile yenye vishimo vya mviringo mwilini, ambayo wengi wanaijua zaidi, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930 kutoka kiwanda cha Ravenhead kule St Helens, nayo polepole ikaichukulia nafasi ya pande kumi. Kwa hiyo George wa Mjukuu ni George V, aliyetawala 1910 hadi 1936, au George VI, 1936 hadi 1952.

Mjukuu, nafasi iliyochakaa kati ya G na R ina upana gani? Nauliza kwa sababu kama ni pana kuliko herufi yenyewe, nafikiri ilibeba tarakimu za Kirumi VI. Kama ni nyembamba, ilibeba V peke yake.

#13 DadaWaBarua (Coventry, Uingereza)

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa bilauri, ninapenda masanduku ya posta. Naomba mjihadhari na hoja ya upana. Kwenye masanduku ya posta ya huku, yale ya George V huwa na GR tu bila tarakimu yoyote, na yale ya George VI yana G, VI, R. Kama wachonga alama za vipimo walifuata mazoea hayo, basi nafasi yoyote kati ya herufi inaelekeza kwa George VI, iwe pana au nyembamba. Sisemi walifuata. Ninasema tu kwamba herufi za mfalme hazikuandikwa kwa namna moja kila mahali.

Na mtu akikuuzieni chombo chenye E, VIII, R, kiangalieni mara mbili kabla ya kutoa fedha, kwa sababu Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936 tu, na kwa uhaba huo kila kitu chenye herufi zake kina bei, na kila kitu chenye bei kina waghushi.

#14 MtafitiWaAle

Nimekubali kushindwa kuhusu painti ya ale. Hata hivyo naleta pingamizi la pili, na hili nimelifikiria zaidi. Tunachukulia kwamba herufi za mfalme zinatuambia mwaka. Mwishoni mwa karne ya 17, katika enzi ya William III, sheria iliagiza vyombo vya kuuzia ale na bia vipigwe taji na herufi WR. William alifariki mwaka 1702, lakini WR iliendelea kupigwa kwenye vyombo zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa kuwa watu waliichukulia kuwa ndiyo alama ya kipimo halali, si jina la mtu. Kama mkaguzi wa karne ya 18 aliweza kupiga herufi za mfalme aliyezikwa zamani, kwa nini mkaguzi wa mwaka 1953 asimalizie kiolezo chake cha GR kabla ya kuagiza kipya?

#15 MpimajiMstaafu

Hoja hii ni nzito, nami sina la kuipinga. Serikali hazitupi vifaa vizima.

#16 MamaKontena (Dar es Salaam)

Habari zenu. Ninaagiza vyombo vya mitumba kutoka Uingereza tangu mwaka 1998, na ninasoma uzi huu nikijiuliza kwa nini hakuna aliyetaja njia iliyo rahisi kuliko zote. Katika kontena moja la vyombo vya jikoni sikosi bilauri thelathini au arobaini zenye taji, na zimekwenda Tanga, Mombasa, Moroni na kwingine. Mteja huipenda kwa sababu ni nzito. Sina nia ya kumvunjia heshima babu wa mtu, lakini bilauri yenye taji ikionekana Pwani, mimi kwanza nitauliza kama haikushuka kwenye kontena.

#17 MjukuuWaKibokoni

Mama Kontena, umeuliza kwa haki, wala sijaudhika. Ila mama yangu alizaliwa 1951 na anakumbuka kutumwa maziwa kwa bilauri hiyo kabla hajaanza shule. Hilo ni kabla ya mitumba yako kwa muda mrefu.

Nimepima tena kwa kioo cha fremu kama alivyoelekeza Mzee Mpimaji, nikapata gramu 569. Yaani mililita 571. Dada Wa Barua na ndugu wa Leicester, nafasi kati ya G na R ni sawa na upana wa herufi moja na nusu. Sijui inawafaa nani kati yenu.

#18 BahariaMkongwe (Mombasa)

Kijana wa Kibokoni, mimi ni jirani yako wa zamani kwa maana ya mtaa. Mnazungumzia klabu, lakini mnasahau vita. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi Aprili, kundi la meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini. Mji ulijaa mabaharia, na palipo mabaharia wa Kiingereza pana kantini, na palipo kantini pana bilauri za painti. Vita vilipokwisha meli ziliondoka, na sidhani kama kuna aliyefunga bilauri kwenye majani makavu ili azirudishe nyumbani. Kwangu mimi njia hiyo ina nguvu kuliko ya klabu, maana klabu nyingi za wakati ule zilitumia bia ya chupa, na mtu anayeuza chupa hahitaji bilauri iliyohakikiwa.

#19 Mwanagenzi_TZ

Maneno hayo ya chupa yamenifungua macho. Hata leo baa zetu ni hivyo. Ninaagiza chupa ya mililita 500, kipimo kimeshathibitishwa kiwandani, na bilauri ninayoletewa inaweza kuwa ya ukubwa wowote, hata ya jamu, bila mtu kulalamika. Bilauri ya kwetu ni ya kunywea tu. Ya kwao ndiyo mizani yenyewe.

#20 MkusanyajiLeicester

Mwanagenzi amesema vizuri sana. Kwa Baharia: hoja ya kantini inawezekana, lakini kuwapo kwa alama hakuthibitishi kwamba bilauri iliagizwa ili kupimia. Viwanda vya Uingereza vilivyotengeneza bilauri za baa vilihakikisha mzigo mzima hapohapo kiwandani, kwa hiyo klabu ya Mombasa ikiagiza dazeni kumi za bilauri nene kwa ajili ya uzuri wake tu, zingefika na taji hata kama hakuna aliyelihitaji.

Hapo pia ndipo ninapotaka kuwakumbusha kosa ambalo wakusanyaji wengi hulifanya. Nambari ni ya mamlaka iliyohakiki, na kwa bilauri za kiwandani hiyo ni mamlaka ya eneo la kiwanda, si ya baa. Ndiyo maana nambari chache za maeneo ya viwanda vya kioo, kama St Helens na Chesterfield, zimetapakaa nchi nzima, na mtu akinunua bilauri Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, huikuta na nambari ya kaskazini.

#21 DadaWaBarua

Lakini si daima, au siyo? Nimeelewa kwamba zamani wenye baa walipeleka vyombo vyao wenyewe kwa mkaguzi wa mji. Ikiwa hivyo, nambari ya chombo cha miaka ya 1880 inaweza kweli kuwa ya mji wa baa.

#22 MkusanyajiLeicester

Ni sahihi, nami nilipaswa kulisema. Kadiri chombo kilivyo cha zamani, na hasa kikiwa cha pyuta au cha udongo, ndivyo nambari inavyokaribia mahali kiliponyweshewa watu. Kwa cha pande kumi cha kiwandani, mimi ningeegemea kiwanda.

#23 FundiBomba_Essen

Kipo kipimo kingine ambacho Mjukuu anaweza kukifanya bila gharama. Avae miwani ya jua ya polaraizi, aishike bilauri mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, kisha aizungushe. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama bilauri nyingi za baa za miongo ya karibuni, huonyesha madoa na mistari ya kivuli kwa sababu ya mkazo ulionasa ndani yake. Kioo kilichopoozwa polepole kwa njia ya kale hubaki karibu kitupu. Kipimo hiki hakitoi mwaka, ila kitapunguza uwezekano kwamba ni nakala ya siku hizi.

#24 ShemejiWaTusker (Kisumu)

Nina swali la upande. Bilauri yangu haina taji kabisa, ina herufi CE, kisha herufi M na tarakimu 07 ndani ya kisanduku, na nambari ya tarakimu nne. Niliambiwa na aliyeniuzia kwamba ni feki kwa kuwa haina taji.

#25 MkusanyajiLeicester

Shemeji, si feki. Maelekezo ya Ulaya kuhusu vyombo vya kupimia yalianza kutumika Oktoba 2006, na tangu hapo bilauri mpya zikawekwa alama ya CE, kisha M na tarakimu mbili za mwaka, kisha nambari ya taasisi iliyothibitisha. Yako ni ya 2007. Waingereza wengi walilililia taji, na Septemba 2021 serikali yao ilitangaza kwamba itaondoa zuio lake. Likarudi kwa hiari, likikaa kando ya alama nyingine bila kuchukua nafasi yake. Mimi binafsi silikusanyi hilo jipya. Taji lisilobeba dhamana ya mkaguzi ni pambo, na bibi wa Kibokoni asingeweza kumaliza nalo ugomvi wa maziwa.

#26 KibabaNaPishi

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu wa Leicester. Hata taji la bibi halikuwa na dhamana ya mkaguzi wa Mombasa. Lilipigwa Uingereza kwa ajili ya bia ya Uingereza. Wateja walikubali kwa sababu walimjua bibi.

#27 MpimajiMstaafu

Kwa sheria, KibabaNaPishi yuko sahihi: chombo cha biashara huhakikiwa na mamlaka ya mahali kinapotumika, na mkaguzi wa wakati ule angeweza kuichukua bilauri ile. Kwa ujazo, bibi yuko sahihi. Ninavyowajua wakaguzi wa zamani, nadhani angeijaza, angeipima, angeirudisha na kumwambia alete na ndoo ya maziwa aipime pia.

#28 MjukuuWaKibokoni

Nimefanya kipimo cha miwani kwa msaada wa mpwa wangu. Bilauri imebaki tupu isipokuwa kivuli hafifu mahali mkono unapoungana na mwili. Ndugu Fundi, nadhani hiyo inaniridhisha.

Lakini jana usiku shangazi yangu mkubwa alipiga simu kutoka Lamu baada ya kusikia habari hizi, na amesema kwamba wanaume wote wa familia wamekosea. Kwa kauli yake, babu hakuitoa klabuni wala kantini. Aliinunua mnadani, vilipouzwa vyombo vya nyumba ya afisa wa reli aliyekuwa akirudi kwao, na ziliuzwa bilauri mbili. Ya pili aliichukua mwenye duka la viungo wa jirani. Shangazi anasema wajukuu wa mwenye duka huyo bado wanayo, wamepanda mrehani ndani yake, na kwamba taji la hiyo halikupata kusuguliwa na kidole cha mtu. Nimeshapewa namba ya simu yao. Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri ninakwenda na taa ya mkononi na karatasi nyeusi ya kuweka nyuma ya kioo, nikasome tarakimu mbili zilizobaki.